Miguu Yote Miwili Juu ya Kituo

Murungu, Kibondo
12 Mei 2024

Dada yangu mpendwa Ndayikeza,

Mwakeye! Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na majirani zako wote wa Kasulu, hata yule anayefungulia mbuzi wake kwenye maharage yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi inayotutafuna asubuhi. Mwanao ni mzima kuliko sote. Anakula, dada, anakula mpaka nalionea gunia huruma.

Najua utasema ningepiga simu. Lakini wewe simu unaishika dakika mbili, halafu unasema nitamaliza salio, unakata. Barua huwezi kuikata. Konda wa basi la asubuhi ataiacha pale ghalani unapochambulia maharage, kama kawaida yetu.

Nataka kukueleza habari za mchezo, maana najua mwanao Havyarimana hakuelezi. Tangu niliporudi kutoka semina ile ya besiboli mwaka juzi, na wafadhili wakatuletea boksi la glovu na magongo mawili, shule yetu imekuwa gumzo. Mchezo wenyewe si mgumu. Uwanjani kuna vituo vinne. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa upande wa pili anaupiga kwa gongo, kisha wanaokimbia wanahama kituo hadi kituo mpaka warudi pale walipoanzia. Ukiwa katikati ya vituo, adui akikugusa akiwa ameshika mpira, umetoka. Ukiwa umekanyaga kituo, huna wasiwasi.

Vijana walikuwa wanasahau hilo kila siku. Nikawafundisha kwa mfano ambao wewe peke yako utaucheka. Nikawaambia: kituo ni kambi. Unakumbuka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, ile ya kwanza, baba alivyotukataza kuvuka mtaro bila kibali? Ndani ya mtaro hakuna wa kukuuliza neno, hatua moja nje umekamatwa. Basi nikawaambia, hata mpira uliopigwa ukikujia wenyewe, wewe ganda, miguu yote miwili juu ya kituo. Ukikugonga hutoki. Ukiruka ndipo utakapokamatwa. Tangu siku hiyo hawasahau, na mwanao ndiye aliyeshika kuliko wote. Mpira unampita sikioni naye hapepesi macho.

Tarehe 8 Juni tunacheza na shule moja ya huko kwenu Kasulu. Watakuja hapa Kibondo. Tutawafunga, uanze kuzoea aibu mapema.

Ndimi mdogo wako,
Pasikali


Kasulu
19 Mei 2024

Mdogo wangu Pasikali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Mungu anasaidia. Mbuzi wa jirani naye mzima, kwa bahati mbaya.

Barua yako nimeisoma mara mbili na huo mchezo sijauelewa. Watu wazima wanapiga kampira kwa mti halafu wanakimbia kurudi walikotoka? Kwetu mtu akirudi alikotoka bila kuleta kitu anaitwa mzururaji. Lakini naona umefurahi, nami nikafurahi. Tangu utoto wako ukipata jambo la kufundisha hulali. Ulimfundisha hata kuku wa marehemu mama kupanga foleni.

Huo mfano wako wa kambi nimeucheka, halafu sikucheka tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe tisa. Namkumbuka jirani yetu aliyevuka mtaro kutafuta kuni akarudishwa na mkono umevunjika. Wewe unakumbuka mtaro, mimi nakumbuka mkono. Tushukuru kwamba baba alipofariki ndugu wa mama wa Heru Juu walikuja kutuchukua.

Mwanangu namwacha mikononi mwako. Unajua sina mwingine. Baba yake alipoondoka nilikuambia wewe ndiye mjomba na ndiye baba, na sijajuta. Mhimize masomo, kidato cha nne si mchezo. Na avae sweta asubuhi, hata akikwambia hasikii baridi. Ana miaka kumi na minane lakini kifua chake nakijua mimi.

Mkifungwa msinune.

Dada yako,
Ndayikeza


Murungu, Kibondo
30 Juni 2024

Dada yangu,

Sijui nikuulize hali yako vipi. Pole hazitoshi, na nimekwisha kukupa nyingi pale msibani mpaka zikakosa ladha. Nakuandikia kwa sababu nimepiga simu siku kumi na saba na hupokei.

Siku ya mazishi kulikuwa na watu wengi, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Nataka ujue jinsi ilivyokuwa ili moyo wako utulie. Havyarimana alikuwa kituo cha tatu. Isihaka, yule kijana wa Mzee Nurudini mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekuwa anapiga. Alipoupiga mpira, mwanao alikuwa anakimbia kurudi pale wanapoanzia kutupatia pointi. Mpira ukampata kifuani katika kukimbia kwake. Hakuna aliyeweza kuuzuia. Alianguka, tukampeleka hospitali, daktari akasema moyo ulisimama kwa ule mshindo. Hakuteseka. Ilikuwa ajali, dada. Kazi ya Mungu haina makosa, ndivyo mchungaji alivyosema, na mimi sina la kuongeza.

Wazee wa Heru Juu wamenituma nikuulize juu ya siku ya kuganduka. Wanapendekeza kuondoa matanga mwezi wa kumi, kabla ya mvua kukolea. Kama ilivyo kwetu, mjomba ndiye atakayesimama mbele za watu kueleza jinsi marehemu alivyoondoka, ili asiwepo wa kunong'ona baadaye. Nitasimama, nitayasema haya niliyokuandikia.

Tafadhali pokea simu.

Mdogo wako,
Pasikali


Kasulu
9 Julai 2024

Pasikali,

Sijambo. Nakula kidogo. Simu yako sitaipokea, sauti yako inafanana na yake. Niandikie.

Wiki iliyopita walikuja wenzake wanne kuniona, wamepanda basi kwa nauli yao wenyewe. Isihaka alikuwamo. Huyo mtoto amekonda, Pasikali. Haendi shule. Alipiga magoti hapa kwenye kibaraza changu, Mwislamu wa watu, akanishika miguu, akasema, "Mama, nimeua. Mimi ndiye niliyeupiga." Nilimwinua mara tatu, mara tatu akarudi chini. Nikamwambia, mwanangu, mwenzako alikuwa anakimbia, hukuona, yeye mwenyewe alijiingiza kwenye njia ya mpira. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema, "Hapana Mama, hakukimbia. Alisimama. Alikuwa amekanyaga kituo miguu yote miwili, akauangalia mpira unakuja."

Nikauliza kwa nini hakukwepa. Wote wanne wakatazama chini. Hao ni watoto wenye adabu, na mimi najua mtoto mwenye adabu anamnyamazia nani.

Kwa hiyo kabla hujasimama mbele za watu wa Heru Juu, nijibu mimi kwanza. Mwanangu alikuwa mwepesi. Ukimrushia punje ya harage alikuwa anaikwepa akicheka. Kwa nini hakuruka?

Usiniletee mchungaji. Nijibu wewe.

Dada yako


Murungu, Kibondo
14 Julai 2024

Dada,

Nakusalimu. Nimeirarua barua hii mara nne. Hii ya tano nitaituma hata nikiiona chafu.

Nilikudanganya. Havyarimana hakuwa anakimbia. Alisimama kwa sababu mimi nilimfundisha asimame.

Kwenye ile semina, siku ya pili malaria ilinishika, nikalala kitandani siku nzima. Asubuhi ya kuondoka niliazima daftari la mwalimu mwenzangu, nikanakili haraka haraka huku basi likipiga honi. Kuna sheria moja ya mpira unaopigwa juu sana, ule wa kudondoka karibu na vituo, ambao mwamuzi ametangaza kabisa kwamba mpigaji ametoka. Katika huo, na huo peke yake, mkimbiaji aliyekanyaga kituo akiguswa na mpira hatoki. Mimi nilinakili mwisho wa sheria nikaacha mwanzo wake. Na sikuhisi kwamba pana kilichopungua, dada. Niliposoma "aliyekanyaga kituo hatoki" nikasema moyoni, ego, ndiyo, hii naijua tangu utoto. Nikaitia kwenye ule mfano wangu wa kambi, ikakaa vizuri, nikajiona mwalimu hodari.

Sheria yenyewe ni kinyume. Mpira uliopigwa ukimgusa mkimbiaji kabla haujampita mdakaji wa upande wa pili, mkimbiaji ametoka, hata awe amekikumbatia kituo. Kituo kinamlinda na mkono wa adui. Lakini dhidi ya mpira hakimlindi. Makocha wanaojua humweka mkimbiaji wa kituo cha tatu nje kidogo ya mstari wa mpaka wa uwanja, ili mpira ukimfuata huko usimtoe, na humwambia akwepe upesi. Haya yote nimeyasoma baada ya mazishi, kwenye kitabu cha Mwalimu Tharsisi, yule aliyekuwa mwamuzi siku hiyo. Alinifungulia ukurasa, akatoka nje kunipa nafasi ya kusoma.

Sasa lililo baya zaidi. Usilisome ukiwa na njaa.

Mpira ulikuja mnyoofu, haukuinuka hata kidogo. Ulimpata chini ya titi la kushoto. Hakuanguka papo hapo. Alisimama bado, akanigeukia, miguu palepale. Halafu akapiga magoti, akalala. Tharsisi akainua ngumi kuonyesha kwamba mkimbiaji ametoka. Mimi nikaingia uwanjani mbio na daftari langu mkononi. Nilimpita mwanao, dada. Nilimpita nikaenda kwa mwamuzi. Nilidhani amekatika pumzi tu, kama vijana wanavyopigwa tumboni kila siku wakainuka. Nikaanza kubishana. Nikamwambia Tharsisi hajui sheria, amekanyaga kituo, hatoki, soma hapa. Nikampigia kelele mtu mzima mbele ya wanafunzi. Tharsisi alikuwa anajaribu kunipita aende kwake, mimi namzuia kwa kifua. Isihaka ndiye aliyeita, "Mwalimu, hapumui!" Aliita mara ngapi sijui. Wengine wanasema zilipita dakika tano, wengine saba.

Daktari aliniambia kwamba mshindo kama ule ukisimamisha moyo, mtu akibonyezwa kifua papo hapo, wapo wanaorudi. Nilimuuliza kama ni wengi. Akanishika bega.

Hilo ndilo jibu lako. Hakuruka kwa sababu alinisikiliza. Nafsi yangu inanichukia. Usiku na mchana namwona ananigeukia, na sijui alikuwa anataka nimwambie nini.

Mdogo wako,
Pasikali


Murungu, Kibondo
22 Septemba 2024

Dada yangu Ndayikeza,

Nakusalimu kwa mara nyingine bila kujua kama unanisoma. Umepita mwezi wa nane wote na huu nao unaisha. Konda ananiambia barua anaiweka mkononi mwako na wewe unaingia ndani bila kusema neno. Ni haki yako. Naandika kwa sababu yapo niliyoyafanya ambayo sitaki uyasikie kwa watu.

Nilikwenda dukani kwa Mzee Nurudini siku ya Ijumaa, baada ya swala. Nikamwomba amwite Isihaka. Nikawaeleza wote wawili kama nilivyokueleza wewe, mpaka lile la kumpita akiwa amelala. Nikamwambia Isihaka: wewe uliupiga mpira jinsi mpira unavyopigwa, huna kosa lolote, kosa ni langu. Mzee akasokota uzi wa kitambaa kilichokuwa mapajani mwake. Kisha akasema, "Mwalimu, ungekuja mwezi wa sita. Mwanangu amekuwa akiamka analia tangu mwezi wa sita." Akaagiza chai, nikainywa. Isihaka alitaka kusema jambo, akafungua mdomo, baba yake akamwonyesha kwa mkono anyamaze. Mwanafunzi mwenzake ananiambia amerudi darasani.

Timu nimeiacha. Mkuu wa shule anataka niendelee, anasema vijana wameupenda mchezo na kosa moja lisizike kazi ya miaka miwili. Kwake ni kosa moja. Daftari nimempa Tharsisi, alisahihishe lote, ampe atakayefundisha.

Sasa wazee wa Heru Juu wamepanga kuganduka Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba. Wanajua habari ya ajali tu, ile niliyoitunga. Niko tayari kuwaambia ukweli mbele ya wote. Wapo watakaosema nifukuzwe kwenye ukoo, na sitabisha. Lakini huyu ni mwanao na huu ni msiba wako. Ukisema nisije, sitakuja. Ukisema nije ninyamaze, nitanyamaza asimame mwingine. Sitaki tena kuamua peke yangu jambo linalomhusu Havyarimana.

Nakuomba neno moja tu. Hata liwe baya.

Mdogo wako, kama bado,
Pasikali


Kasulu
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Pasikali,

Salamu. Mimi nipo. Afya yangu ni ya mtu anayeamka kwa sababu kumekucha.

Umedhani nimenyamaza kwa hasira. Siku za kwanza ndiyo, nilikuwa na hasira ya kukutafuna. Nilikuwa nachambua maharage nikiona uso wako katika kila harage bovu. Lakini hasira ya kweli haikai miezi miwili na zaidi bila kusema, unanijua. Kilichoniziba mdomo ni kingine.

Jina la Isihaka lilipokuja katika barua yako, na kwamba alitaka kusema jambo akanyamazishwa, nilijua ni jambo gani. Nalijua toka mwezi wa tano. Hata swali nililokuuliza, jibu lake nilikuwa nalo. Nilikuuliza nikitumaini wewe unalo jibu jingine, linalonipita mbali.

Sikiliza. Alhamisi moja, tarehe 30 Mei, Havyarimana alinipigia kwa simu ya dukani kwa Mzee Nurudini. Alikuwa anaongea chinichini. Akaniambia, "Mama, Isihaka amenionyesha kwenye simu yake mchezo wa huko Ulaya sijui Amerika. Mkimbiaji amesimama kwenye kituo, mpira ukamgusa, wakamtoa. Tumerudia kuangalia mara nyingi. Nafikiri mjomba amekosea. Isihaka anasema mtu anatakiwa aruke. Nimwambie?"

Mimi sikujua kituo wala kuruka. Nilichojua ni kwamba wewe ni mjomba wake, umemlisha miaka mitano, umemlipia shule, na mechi iko karibu, na watoto wawili wanataka kukukosoa kwa kitu walichokiona kwenye simu. Nikamwambia, "Usithubutu. Unataka kumwaibisha mjomba wako mbele ya watu wa Kasulu? Aliyekulea hafundishwi kazi. Akisema simama, simama. Nikisikia umeruka, usinipigie tena." Hivyo hivyo, Pasikali. Nayarudia maneno yangu kama yalivyonitoka, sijapunguza. Akasema, "Sawa Mama." Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia akate, salio la watu.

Kwa hiyo mwanangu alijua. Hakusimama pale kama kipofu aliyedanganywa. Alisimama akijua kwamba mjomba amekosea na mama amekataza. Labda hata angetaka kuruka asingewahi, mpira wenyewe unasema ulikuwa wa kasi. Hilo najiambia kila asubuhi. Linanisaidia mpaka saa nne hivi.

Umeniandikia kwamba alikugeukia, na hujui alitaka umwambie nini. Mimi nadhani alikuwa anaangalia kama umemwona amesimama. Nimelia juu ya mstari huo mpaka karatasi ikatoboka.

Wewe unahesabu dakika saba. Mimi nilikuwa na siku tisa. Siku tisa, simu mezani, namba yako ndani yake. Ningekupigia nikasema, "We Pasikali, watoto wanasema hivi na hivi, hebu angalia tena daftari lako." Ungekasirika, ungebisha, ungeangalia. Nakujua, ungeangalia. Sikukupigia kwa sababu niliona nimekulindia heshima yako.

Nimemwandikia Isihaka barua yake peke yake. Nimemwambia alisema kweli, na kwamba rafiki yake alimwamini.

Njoo tarehe 19. Wasikufukuze kabla hawajanisikia na mimi. Simama kama mjomba, useme yako yote, la daftari na la kumpita. Utakapomaliza usikae. Anayefuata kusema ni mimi, na sitaweza kusimama mbele ya watu wale peke yangu.

Dada yako,
Mama Havyarimana